Maradhi ya Zamani Yanapoficha Mapya: Baridi Yabisi na Uvimbe wa Mishipa ya Damu

  

Naanza kwa shukrani. Mada niliyopewa ni ya ugonjwa adimu, na si kawaida watu kujaza ukumbi kwa ajili ya ugonjwa ambao wengi wao hawatauona maishani. Mmekuja, nami nitajitahidi kusema kwa namna itakayomfikia kila aliyepo. Wenzangu wa fani mtanivumilia nikifafanua mambo mnayoyajua. Nanyi msio wa fani mtanivumilia pale ambapo sina budi kutaja jina gumu la dawa.

Shabaha yangu ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba mtu mwenye baridi yabisi akileta lalamiko jipya, achunguzwe upya, kana kwamba faili lake halina jina la ugonjwa wowote. Katika kijiji chenye mwizi anayejulikana, kila kuku akipotea watu huelekea nyumba ileile. Mara nyingi hawakosei, na hapo ndipo ilipo hatari: siku mwizi mgeni akiingia, ana usiku mzima wa kufanya kazi yake. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekwisha kupewa jina. Akipata ganzi, ni baridi yabisi. Akikonda, ni baridi yabisi. Akitoka kidonda mguuni, basi kajigonga. Ugonjwa nitakaouzungumzia, yaani uvimbe wa kuta za mishipa ya damu ambao madaktari huuita vaskulitisi, hupita katika mwanya huo.

Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: Baridi yabisi haiishii kwenye viungo

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba maumivu ya viungo huletwa na baridi ya alfajiri, na maji ya kisima, au na uzee tu. Ugonjwa ninaoukusudia leo ni mwingine. Ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Kinga inayopaswa kupambana na vijidudu hugeukia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando huo huvimba, hunenepa, kisha hutafuna gegedu na mfupa. Vidole, viganja, magoti na nyayo huuma pande zote mbili za mwili, na asubuhi viungo hukaza kwa saa nzima au zaidi kabla ya kulegea.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na takribani asilimia 70 yao walikuwa wanawake. Zaidi ya nusu walikuwa na umri unaozidi miaka 55, ingawa wapo wengi ambao ugonjwa huwaanza mapema, wakati bado wanalea na kutafuta riziki.

Sayansi ilichukua muda mrefu kuutenga na magonjwa mengine. Mwaka 1800, huko Paris, Augustin Jacob Landré-Beauvais aliwaeleza katika tasnifu yake wanawake waliokuwa na ugonjwa wa viungo ambao hakuweza kuuweka katika kundi la jongo. Mwaka 1859 daktari Alfred Garrod wa London akautofautisha waziwazi: wenye jongo walikuwa na asidi ya yuriki nyingi katika damu, hawa wengine hawakuwa nayo. Halafu mwaka 1940 Erik Waaler wa Norway alieleza kwamba seramu ya mgonjwa wa baridi yabisi inaweza kuzishikamanisha chembe nyekundu za damu ya kondoo. Alikuwa amegusa kingamwili ambayo leo hupimwa maabara kwa jina la RF. Ni kingamwili ya ajabu, kwa sababu hunasa kingamwili nyingine za mwili uleule.

Naomba mlishike jambo hilo, maana ndilo mlango wa hoja yangu. Kingamwili husafiri ndani ya damu, na damu hufika kila mahali. Kwa hiyo hatuna sababu ya kutarajia kwamba ugonjwa utaheshimu mpaka wa goti. Wapo wanaotoka vinundu vigumu chini ya ngozi, hasa kwenye viwiko. Wapo wanaopata makovu ya mapafu, maji kuzunguka moyo, ukavu wa macho na mdomo. Mwaka 1924 Augustus Felty, akiwa Johns Hopkins huko Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa ambao pamoja na baridi yabisi walikuwa na bandama kubwa na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Na wapo wachache ambao ugonjwa huhamia kwenye mishipa yenyewe ya damu.

Hoja ya pili: Mshipa wa damu nao huvimba, na mara nyingi huvimba viungo vikiwa vimetulia

Mwaka 1866, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, Adolf Kussmaul na Rudolf Maier walichapisha habari za fundi cherehani wa miaka 27. Kijana huyo alifika akiwa dhaifu, ana maumivu ya misuli na ya tumbo, ganzi, na mkojo wenye protini. Alifariki muda mfupi baadaye. Walipoufungua mwili walikuta vinundu vimepangana kwenye ateri zake. Kijana huyo hakuwa mgonjwa wa baridi yabisi, lakini alitufundisha kwamba ukuta wa mshipa unaweza kuugua wenyewe, na kwamba mshipa ukiugua, kinacholalamika ni kile kilichokuwa kikilishwa na mshipa huo: neva, misuli, figo, utumbo, ngozi.

Kwa mwenye baridi yabisi mambo huenda hivi. Kingamwili za RF hushikana na kingamwili nyingine zikafanya mafungu. Mafungu hayo hunasa kwenye ukuta wa mshipa mdogo au wa kati. Protini za kinga zilizomo katika damu huamshwa, nazo huita chembe nyeupe. Chembe nyeupe humwaga kemikali zake, ukuta huvimba na kufa, damu huganda, njia hufunga. Sehemu iliyo mbele ya hapo hukosa hewa ya oksijeni na chakula.

Nani yumo hatarini? Tafiti za miongo mingi zimemchora vizuri. Ni mtu aliyekaa na baridi yabisi muda mrefu, mara nyingi miaka 10 au zaidi. Viungo vyake vimeharibika, ana vinundu, kipimo chake cha RF kiko juu sana, na mara nyingi anavuta sigara au aliwahi kuvuta. Wanawake ndio wengi katika baridi yabisi, lakini mwanamume aliye nayo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata vaskulitisi kuliko mwanamke aliye nayo. Zamani ilikadiriwa kwamba kati ya asilimia 1 na 5 ya wagonjwa wangeipata. Ni wachache, lakini katika tafiti za wakati huo, hadi asilimia 40 ya wachache hao walifariki ndani ya miaka mitano.

Nawaomba wanafunzi waandike hili linalofuata. Vaskulitisi hii hupenda kuja wakati viungo vimepoa. Uvimbe wa vidole umeshuka, vimebaki vimepinda tu, maumivu yamepungua, mgonjwa ameanza kuruka miadi ya kliniki, na daktari ameanza kuandika mstari mmoja kwenye faili. Kila mtu ameridhika. Kumbe ugonjwa haujaondoka, umebadilisha uwanja. Kwa hiyo viungo vilivyotulia havimwondolei mtu shaka ya vaskulitisi. Kwa mgonjwa wa miaka mingi, utulivu huo ni sababu ya kumpima kwa makini zaidi.

Lipo pia jambo jingine lililo adimu zaidi. Mtu mwenye baridi yabisi anaweza kupata vaskulitisi ya aina nyingine kabisa, isiyozaliwa na baridi yabisi yake, magonjwa mawili yakakaa katika mwili mmoja. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Chapel Hill, Marekani, ulitoa mwaka 1994 utaratibu wa kuyapanga magonjwa haya kwa ukubwa wa mshipa, na utaratibu huo ukafanyiwa marekebisho mwaka 2012. Yapo ya mishipa mikubwa, ya kati na midogo, na lipo fungu la yale yanayoambatana na ugonjwa mwingine wa mwili mzima, ambamo vaskulitisi ya baridi yabisi imewekwa.

Mfano wa mishipa mikubwa ni ugonjwa wa Takayasu, ambao umewahi kuripotiwa kwa watu wenye baridi yabisi. Historia yake inanipendeza. Mwaka 1908 Mikito Takayasu, daktari wa macho kutoka Kanazawa, Japani, alieleza mkutanoni habari za mwanamke kijana mwenye mishipa isiyo ya kawaida nyuma ya jicho. Madaktari wawili, Onishi na Kagoshima, wakasema nao wana wagonjwa wa namna hiyo, ila wao walikuwa wamegundua jambo la ziada: mapigo ya damu mkononi hayasikiki. Mmoja alitazama jicho, wengine walishika mkono, na ugonjwa ukaonekana walipokaa chumba kimoja. Nitalirudia jambo hilo nitakapofika kwenye mapendekezo.

Hoja ya tatu: Dalili zake hufanana na za magonjwa tuliyoyazoea

Tuchukue mfano wa kubuni. Yupo mama wa miaka 58, muuza vitenge, aliyekaa na baridi yabisi miaka 15. Miezi miwili hii amekonda, jioni anapata homa ndogo, hana hamu ya kula. Pembeni mwa kucha zimetokea alama ndogo nyeusi, kama zimechorwa kwa kalamu. Juu ya kifundo cha mguu ametoka kidonda kirefu kwenda chini, kingo zake kali, kinauma kuliko ukubwa wake. Asubuhi moja anagundua kwamba kandambili inamvuka mguu wa kulia, na ncha ya mguu inakwaruza sakafu.

Hebu tumfuate. Zahanati watasafisha kidonda. Jirani atasema ni sukari. Fundi wa viatu atamshonea ukanda wa nyuma. Mtoto wake atasema, mama, ni miguu yako ileile. Kila mmoja ana nia njema, na kila mmoja ameshika kipande kimoja.

Sasa tuvipange vipande hivyo. Ngozi ndiyo inayoshikwa mara nyingi zaidi. Alama nyeusi za pembeni mwa kucha zilielezwa kwa makini katikati ya karne iliyopita na daktari Muingereza Eric Bywaters. Zikiwa peke yake hazina ubaya mkubwa. Zikifuatana na vidonda au ncha za vidole kuwa nyeusi, ni habari nyingine. Halafu zipo neva. Neva nazo hulishwa na mishipa midogo sana ya damu. Mishipa hiyo ikiziba, neva moja hufa mguuni, kisha nyingine mkononi, bila mpangilio wa pande mbili. Ndiyo maana mguu wa mama yetu hauinuki.

Naomba tufanye zoezi dogo. Kila mmoja aweke visigino sakafuni na kuinua vidole vya miguu juu, vyote kumi. Vizuri. Mzee wangu pale kulia amevua viatu kabisa, nashukuru kwa moyo huo. Mliyoyafanya sasa ni kipimo kisicho na gharama. Mtu aliyeweza kuinua mguu hivyo wiki iliyopita, na leo hawezi, hapaswi kulala nyumbani akisubiri miadi ya mwezi ujao.

La tatu ni jicho. Kwa mwenye baridi yabisi, jicho kavu linalowasha ni jambo la kawaida. Lakini jicho jekundu sana lenye maumivu mazito yanayomwamsha usiku, au linaloanza kuona ukungu, huenda ukuta wake mweupe au ukingo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, unaliwa. Konea inaweza kutoboka. Huyo apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, si kwenye duka la dawa kununua matone. Na ndani ya mwili, mara chache, huja maumivu makali ya tumbo kwa sababu utumbo umekosa damu, au moyo kushikwa.

Hata hivyo, nisiwatie hofu ya bure. Ganzi ya vidole vya mkono kwa mwenye baridi yabisi mara nyingi hutokana na neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na hutibika kirahisi. Udhaifu wa miguu yote miwili unaweza kutoka kwenye mifupa ya shingo iliyolegea na kubana uti wa mgongo, jambo la dharura ambalo halihusiani na vaskulitisi.

Na huku kwetu yapo magonjwa yanayofanana nayo ambayo vitabu vya Ulaya huyataja kwa mstari mmoja. Ukoma bado upo Tanzania, nao huua neva na kuleta vidonda na mguu usioinuka. Selimundu huleta vidonda sugu karibu na kifundo cha mguu. Kisukari huleta ganzi na vidonda. Virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na VVU, vinaweza vyenyewe kuleta vaskulitisi. Kaswende iliyokaa miaka mingi huharibu ateri kuu ya mwili. Kifua kikuu hukondesha na kuleta homa za jioni. Kwa hiyo kuchunguza upya kuna maana pana: kukumbuka ugonjwa adimu, na papo hapo kutousahau ulio wa kawaida.

Hoja ya nne: Ushahidi huanza na mikono ya mtabibu, mashine baadaye

Naulizwa mara nyingi, je, kipo kipimo kimoja cha damu kinachosema hii ni vaskulitisi ya baridi yabisi? Hakipo. RF ikiwa juu inaongeza shaka tu, kwa kuwa wagonjwa wengi wana RF ya juu na hawana vaskulitisi. Vipimo vya uvimbe, yaani ESR na CRP, hupanda kwa sababu nyingi, malaria na kifua kikuu zikiwemo. Ushahidi hujengwa tofali kwa tofali, na tofali za kwanza ni za bei nafuu.

Shika mapigo ya damu kwenye mikono yote miwili. Pima shinikizo la damu mikono yote miwili, kwa kuwa tofauti kubwa kati ya mkono na mkono huelekeza kwenye mishipa mikubwa. Tazama kucha kwa mwanga mzuri. Mvue mgonjwa soksi. Nasema hivi kwa kuwa kliniki yenye msongamano ni adui wa soksi. Mwambie atembee kwa visigino. Chovya kijiti kwenye mkojo, uangalie damu na protini. Figo zikiwa zimeshikwa sana, fikiria vaskulitisi ya aina nyingine, ile inayoambatana na kingamwili ziitwazo ANCA, maana vaskulitisi ya baridi yabisi haina kawaida ya kuzishambulia figo kwa nguvu. Kazi hii yote ni ya dakika chache, na inaweza kufanywa katika kituo cha afya.

Baada ya hapo ndipo hospitali ya rufaa huingia: vipimo vya figo na ini, sukari, VVU, homa ya ini B na C, kaswende, picha ya kifua, kipimo cha mwendo wa umeme katika neva. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni biopsi, yaani kipande kidogo cha ngozi au cha neva na misuli kinachotazamwa kwa hadubini. Kwa kidonda, kipande kichukuliwe kwenye ukingo wake. Katikati kuna tishu iliyokufa, haitasema lolote. Mwaka 1984 David Scott na Paul Bacon walipendekeza vigezo vya kuutambua ugonjwa huu kwa mtu mwenye baridi yabisi: neva kushikwa moja moja au ncha za vidole kufa, au biopsi yenye vaskulitisi ikifuatana na dalili za mwili mzima, au vidonda virefu kwenda chini vikifuatana na alama nyeusi za vidoleni au biopsi ya namna hiyo. Wakaongeza sharti kwamba sababu nyingine ziwe zimeondolewa. Naliona sharti hilo kuwa zito kuliko vigezo vyenyewe.

Hoja ya tano: Tiba ipo, lakini ina nidhamu yake

Mwezi Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa ambayo baadaye iliitwa kotisoni. Baada ya siku chache mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea alitembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeusz Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Furaha ilikuwa kubwa, kisha yakaonekana madhara: mifupa kuwa myepesi, sukari kupanda, maambukizi, uso kuvimba. Dawa za jamii hiyo, yaani steroidi kama prednisoloni, bado ni za lazima vaskulitisi inapowaka, lakini zimeshushwa cheo. Hutangulia kuzima moto, halafu dawa nyingine hushika zamu.

Katika vaskulitisi kali, dawa nyingine hiyo kwa muda mrefu imekuwa siklofosfamidi. Mwaka huohuo wa 1984 Scott na Bacon walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa siklofosfamidi pamoja na methiliprednisoloni kwa njia ya mshipa, na wagonjwa hao walipata nafuu zaidi kuliko waliotibiwa kwa njia nyingine. Siku hizi rituksimabu, inayoondoa chembe B za kinga ambazo ndizo chimbuko la kingamwili, hutumika pia. Marekani iliidhinisha itumike kwa baridi yabisi mwaka 2006, na mwaka 2011 kwa baadhi ya vaskulitisi zinazoambatana na ANCA.

Nasikia mnong'ono: dawa hizo ni za wazungu. La hasha. Historia ya ukanda wetu inasema vingine. Denis Burkitt, akiwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 habari za saratani ya taya iliyowapata watoto wa Afrika. Katika miaka ya 1960 watoto hao walitibiwa Kampala kwa methotreksati na siklofosfamidi, na baadhi yao walipona. Dawa mbili hizohizo ndizo nguzo za tiba ninayoizungumzia leo: methotreksati kwa baridi yabisi yenyewe, siklofosfamidi kwa vaskulitisi kali. Hospitali zetu za saratani zinazijua: jinsi ya kuzichanganya, kipimo chake, na damu ipimwe lini. Kinachopungua ni mazoea ya kliniki ya viungo kubisha hodi katika kliniki ya saratani.

Sasa nidhamu. Kabla ya kuanza dawa hizi, mgonjwa achunguzwe kama ana kifua kikuu kilichojificha au homa ya ini B, maana kinga ikishushwa vyote viwili vinaweza kuamka. Mtu aliyeishi katika nchi za joto achunguzwe pia minyoo ya strongiloidi, ambayo kwa mtumiaji wa steroidi huweza kuenea mwili mzima na kuua. Siklofosfamidi hudhuru kibofu na uwezo wa kuzaa, na vijana waambiwe mapema. Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki. Anayeimeza kila siku anaweza kufa kwa kuishiwa chembe za damu. Wafamasia, andikeni jina la siku kwenye pakiti, Jumapili au Ijumaa, na mwambieni mgonjwa airudie kwa mdomo wake. Na steroidi zisikatishwe ghafla hata siku moja.

Nina neno pia kuhusu unga na vidonge vya viungo visivyojulikana vimetoka wapi. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki bila kutajwa kwenye lebo. Mtu akinywa kitu cha namna hiyo hupata nafuu ya kweli, kwa kuwa amekunywa steroidi ya kweli. Maumivu yakinyamaza namna hiyo ugonjwa hujificha zaidi, na siku akiacha ghafla mwili huanguka. Msiwagombeze wagonjwa kwa hili. Waulizeni kwa upole wanatumia nini, nao watawaambia.

Hitimisho na mapendekezo

Ndugu zangu, zipo habari njema. Katika nchi ambazo baridi yabisi hutibiwa mapema kwa methotreksati na dawa zilizofuata, vaskulitisi yake imepungua; takwimu za Norfolk, Uingereza, ni miongoni mwa zilizoonyesha hivyo. Kupungua kwa uvutaji wa sigara nako kunahesabiwa kuwa kumechangia. Maana yake ni kwamba kinga kubwa ya ugonjwa huu adimu ni kuutibu vizuri ule wa kawaida. Methotreksati ya viungo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Sheria hiyo inapotekelezwa, sisi wa fani hii tuhakikishe kwamba mgonjwa wa viungo hasahauliki katika vifurushi vyake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kadi ya kliniki ya baridi yabisi iwe na maswali manne ya kujibiwa kila ziara: una ganzi au udhaifu mpya? Una kidonda? Jicho linauma? Umepungua uzito? Muuguzi anaweza kuyauliza mgonjwa akiwa foleni, na jibu la ndiyo limpandishe mbele ya foleni. Pili, hospitali za rufaa ziwe na kikao kimoja kila mwezi kinachowakutanisha madaktari wa viungo, macho, ngozi, figo, neva na saratani, kwa sababu mliyoyasikia ya Takayasu mwaka 1908 yanaweza kutokea katika chumba chetu cha mikutano pia. Tatu, tuanzishe rejista ya wagonjwa wa vaskulitisi Afrika Mashariki. Ugonjwa adimu hauwezi kusomwa na hospitali moja. Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura zikiunganisha daftari zao, wachache wa kila mji watakuwa idadi inayofundisha. Ndipo tutajua ugonjwa huu unavyowajia watu wetu, ambao wana selimundu, kifua kikuu na ukoma kandokando yake, badala ya kuazima kila takwimu kutoka kwa wengine.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba jambo moja kabla hatujatawanyika: wakuu wa idara waliomo ukumbini wapange leo tarehe ya kikao cha kwanza, na wanafunzi wanaotaka kusaidia kazi ya rejista wajiandikishe kwenye karatasi iliyo mlangoni.  Nakaribisha maswali, na kwa ruhusa yako tuanze na wagonjwa.